Peremende Ambayo Mize Hakuifungua

Kazi yangu ilianza Jumatatu, tarehe mosi Disemba, saa mbili na dakika ishirini za asubuhi. Saa naijua kwa sababu niliwahi mno, nikasimama chini ya ngazi pale Mlandege nikiitazama simu na kuomba Mungu mwenye duka la vitambaa asiniulize nnamtafuta nani. Akaniuliza. Nikamwonesha juu kwa kidole, nikapanda ngazi mbio kama mwizi.

Leo ni Jumatano, Januari ishaingia, nimestaafu tangu adhuhuri. Najua mtu wa miaka kumi na saba hastaafu. Lakini kiti changu anakichukua binamu yangu Samira, na Samira ana mdomo usiolala, kwa hiyo nimeona nimwandikie anayopaswa kuyajua kabla hajayaharibu. Sababu ya pili ni kwamba siwezi kukaa kitako. Kuna jawabu nnalolingoja na haliji mpaka kesho asubuhi. Nshafua, nshafagia uwanja mara mbili, na mama kaniambia nikigusa tena ufagio atanipiga nao. Basi naandika.

Samira, Bi Thuwaiba utamkuta mkali wa uso lakini si mkali. Alisomea mambo ya akili za watu huko nje, akarudi, akakodi vyumba viwili juu ya duka. Wazazi humletea watoto ambao skuli zinawatilia shaka: huyu hasemi, huyu hakai, huyu kasoma nasari miaka miwili na hajui moja. Yeye huwapima, kisha huwaandikia walimu namna ya kuwasaidia. Alimwambia mama, "Nataka msichana wa kunipangia vitu mezani, asiyesema." Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Maisha yangu yote kunyamaza kwangu kumenipatia karipio tu. Siku hiyo kulinipatia kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Unakaa nyuma ya mtoto, upande wa kushoto. Bi Thuwaiba akisema "vipande," unaweka vipande vya mbao. Akisema "basi," unavitoa. Usitikise kichwa, usitabasamu, usigune. Watoto wana macho kisogoni. Siku ya tatu nilikunja uso kidogo tu, mtoto wa watu akageuka akabadilisha jawabu sahihi akatoa la makosa. Bi Thuwaiba hakunigombeza. Alinipa kioo, akaniambia nikakae chooni nijifunze kuwa ukuta.

Shanga zioshe kila jioni, maana lazima mmoja atazitia mdomoni. Feni izime kabla ya kadi za picha, la sivyo utazifukuzia hadi kwenye ngazi. Akiwa mtoto anarudia tarakimu, na gari la matangazo likapita chini likisema leo usiku kuna mechi, simamisheni, mngoje lipite, muanze upya. Na kuna vikopo viwili vya bati vinavyofanana, kimoja kizito, kimoja chepesi. Mtoto anatakiwa aseme kipi kizito. Vifunike kwa nguvu. Alikuja kijana mmoja wa miaka mitano, baba yake anafanya kazi hoteli ya Kendwa. Alipopewa vikopo hakuvipima hata kidogo. Alivifungua.

"Mchanga!" akasema. "Bibi, umedanganywa. Kimejaa mchanga tu."

Pale alipata sifuri. Mie niliona yeye ndiye mwenye akili kuliko sote chumbani, lakini mie nilikuwa ukuta.

Tukimaliza asubuhi, tulikuwa tunakaa roshani na mkate wa kumimina na chai, na hapo ndipo Bi Thuwaiba alipokuwa akinisomesha. Aliniambia mambo haya ya kupima akili hayakushuka mbinguni. Kulikuwa na Muingereza mmoja, mwenye nacho, aliyeamini akili ya mtu itaonekana kwenye ukali wa macho yake na wepesi wa mkono. Watu wakapanga foleni kwenye maonesho kupimwa kichwa, kupimwa pumzi, kubinya chuma.

"Akapata nini?" nikamuuliza. Huko roshani nilikuwa naweza kusema.

"Akapata vipimo vingi vya watu wenye mikono."

Kisha akaja Mfaransa. Zaidi ya miaka mia iliyopita serikali yao ilitaka kila mtoto asome, walimu wakaanza kulalamika huyu mzito, huyu mkaidi, huyu mtoeni. Mfaransa huyo akaombwa atafute njia ya kuwajua kwa haki wanaohitaji kusaidiwa, isiwe chuki ya mwalimu tu. Yeye alikuwa na binti zake wawili nyumbani, akiwatazama tangu wadogo, mmoja mtulivu, mwengine mapepe, na alishajua kuwa watoto hawafikiri kwa njia moja. Akakusanya maswali madogo madogo kutoka rahisi hadi magumu. Mpe mtoto peremende iliyofungwa karatasi: ataifungua? Mwoneshe nyuso mbili: ipi nzuri, ipi mbaya? Mwoneshe picha ya mtu: kimekosekana nini? Na alisema wazi kuwa anayekosa leo akisomeshwa vizuri atapata kesho.

"Mbona sasa watu wanataka namba?" nikauliza.

"Hiyo ilikuja baada yake. Mjerumani mmoja akagawa umri wa akili kwa umri wa miaka, Wamarekani wakazidisha kwa mia. Tangu hapo hakuna anayeuliza mtoto asaidiwe vipi. Wanauliza, kapata ngapi?"

Mengi ya maswali yale ya zamani alikuwa bado anayatumia, kachanganya na ya kisasa na ya kwake mwenyewe, kwa sababu, alisema, watoto huyapenda. Hilo lishike, Samira. Ndipo ilipotokea habari ya Mize.

Mize aliletwa juzi Jumatatu, na bibi yake, Bi Kazija, mtu wa Tumbatu, anayeuza samaki wa kukaanga nyuma ya Darajani. Mama yake Mize yuko Kendwa anatandika vitanda vya wageni, anarudi mjini Ijumaa kwa Ijumaa. Mtoto ana miaka sita. Nasari alikaa mwaka mzima bila ya kumjibu mwalimu. Sasa skuli inafungua, na mwalimu mkuu kasema hamtii darasa la kwanza mpaka apimwe, akionekana mzito ataingia kile chumba cha pembeni, karibu na stoo. Kila skuli ina chumba chake kama hicho. Kinaitwa cha kuwasaidia, lakini sijaona aliyeingia akatoka. Mie nilinusurika kidogo tu. Mwalimu wangu wa la kwanza alimwambia mama, mbele yangu, kuwa nna ulimi mzito na pengine na kichwa pia. Mwaka mzima nilikaa nyuma kabisa nikihesabu matundu ya dirisha.

Basi Mize alipoingia na kukaa mikono mapajani, macho chini, miguu ikaanza kuniwasha.

Peremende alipewa. Akaishika. Hakuifungua. Bi Thuwaiba akangoja, akaandika. Vipande akavipanga vizuri. Vikopo akavipima vizuri. Kisha nikaweka picha za nyuso mbili, Bi Thuwaiba akauliza.

"Mize, nambie mwanangu, katika hawa yupi mzuri, yupi mbaya?"

Mize akatazama picha, akatazama mlango.

"Basi nioneshe kwa kidole tu. Yupi mbaya?"

Akaweka kiganja juu ya mdomo wake. Nyuso nyengine, hivyo hivyo. Nikaweka picha ya mtu asiye na mkono.

"Huyu kakosa nini?"

Akanong'ona, "Hajakosa kitu."

Bi Thuwaiba akaandika. Asubuhi hiyo alikuwa kachoka, watoto wengine watatu wako kwenye benchi, na mwalimu mkuu kapiga simu mara mbili. Akasema basi, nikaondoa kila kitu mezani, nikamtoa Mize nje kumvalisha viatu. Bi Kazija alikuwa kakaa kwenye ngazi.

"Umesema?" akamuuliza.

"Bibi, walinitaka niwaseme watu."

"Ukawasema?"

"Sikuwasema."

"Ahsante, mjukuu wangu." Akampapasa kichwa. Halafu akanitazama mie niliyepiga magoti na kiatu mkononi. "Nyumbani kwetu yupo ami yake, mkono mmoja hana tangu kuzaliwa. Mtoto atakayemwambia kakosa mkono ntamtia pilipili ya mdomo. Kaumbwa hivyo na aliyemuumba. Au mjini mnafundisha vyengine?"

"Hapana, Bi Kazija," nikasema. Kiatu nilimvalisha mguu siwo.

Walipoondoka nilirudi kwenye kiti, tukapima wale watatu, na sikumbuki hata jina la mmoja. Nilikuwa najua kitu ambacho Bi Thuwaiba hakijui, na sheria ya kwanza ya kiti kile ni kutosema. Tulipokwenda roshani, nikisimama nakaa, nikikaa nainuka. Chai ikanimwagikia.

"Nasra," akasema Bi Thuwaiba, "meza inatetemeka au ni weye?"

"Ni mie."

"Una nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimelitazama bati la nyumba ya pili, maneno yakatoka yamepandana. Nikamweleza ngazini palisemwa nini, nikamweleza habari ya ami.

Alimaliza mkate wake. Kisha akasema, "Nisikilize. Kila mtoto akikosa, nje kuna bibi mwenye sababu. Nikizikubali sababu zote, sina kipimo tena, nna baraza ya kuongea. Mtoto aliyekuja wiki iliyopita aliulizwa hivyo hivyo. Haki ni wote kuulizwa kimoja."

"Naam."

"Usiseme naam kama hukubali."

"Lakini yule Mfaransa si aliwatungia watoto wa mitaa ya kwao? Labda huko kwao mtoto akisema huyu mbaya hapigwi. Huku kwetu tunapigwa. Mize kajibu, Bi Thuwaiba. Kajibu kuwa yeye ana adabu. Hapana pa kuandikia hilo tu."

Sijawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mtu mzima. Nilitamani roshani ianguke, lakini nisianguke mie peke yangu.

Bi Thuwaiba akaweka kikombe. Akashika shavu lake, polepole, kama mtu mwenye jino. "Mie nilikuwa na miaka saba," akasema. "Tulikuwa Forodhani, nikamwita mtu kengeza. Nyanya alinizaba kofi mbele ya watu wote, mishikaki ikaniruka mkononi. Na hizo nyuso nazionesha watoto kila siku." Akacheka bila ya furaha. "Unasoma kitu mbali na kwenu, unakirudisha kama kilivyo, hata hukikung'uti vumbi."

"Basi utamwandikia kapata?"

"Siandiki kapata kitu ambacho hakujibu. Nitamwita tena kesho. Na utauliza weye."

"Mie?"

"Akinitazama mie anaona mwalimu. Kwenye mwalimu pale ndipo anapofungika. Mie ntakaa kiti chako, niwe ukuta."

Nilimwambia siwezi. Akasema hata yeye ukuta hauwezi, kwa hiyo tutakuwa sawa.

Jana Jumanne, basi, nilikaa kwenye kiti kikubwa. Bi Kazija aliitwa ndani akae dirishani. Mize kaingia, kaniona mie niliyemvalisha viatu kinyume, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Na sauti yangu haikuja. Nilifungua mdomo, hamna. Mize akangoja. Ana subira ya ajabu ya kumngojea mtu anayeshindwa kusema. Nafikiri ni kwa sababu anajua ndani kunakuwaje.

Mwisho nikasema, "Mize, mie pia siku nyengine hunikwama."

Akatikisa kichwa, kwamba anajua.

Nikamgeukia bibi yake. "Bi Kazija, shikamoo. Tunaomba umpe ruhusa."

"Marahaba. Ruhusa ya nini?"

"Ya kusema nani mbaya."

Bi Kazija akazichukua zile picha, akazigeuza nyuma kuona kama kuna mtu, akazirudisha. "Mjukuu wangu, hizi ni karatasi. Hazina roho, hazina mama wa kuumia. Leo waseme. Ukitoka mlangoni, basi."

Lo! Mwaka mzima wa kunyamaza ulikuwa umejaa pale nyuma ya meno.

"Huyu mbaya. Huyu mzuri. Huyu mbaya kabisa, pua kama kitumbua kilichoanguka. Na huyu kachanganyikiwa. Na huyu hana mkono, huyu hana jicho, huyu kasahau kuchorwa sikio. Na huyu..."

"Inatosha," nikasema.

"...nywele zake kama brashi ya choo."

"Astaghfirullah," akasema Bi Kazija, huku mabega yanamtikisika na mtandio kaubana mdomoni. Nikageuka kuutazama ukuta wangu. Bi Thuwaiba alikuwa kajificha nyuma ya karatasi, na karatasi inacheza.

Samira, usidhani mtoto akageuka bingwa. Tarakimu zilipozidi nne alizichanganya. Karatasi ya kukunja aliikunja ovyo. Na peremende, alipopewa tena, aliishika mkononi vile vile, hakuifungua, nikalazimika kukaa nikitazama Bi Thuwaiba akiandika sifuri ya pili. Nilijiambia hii nayo ni adabu, hajaambiwa karibu. Nilijiona nishamjua Mize wote. Alikuwa mtoto wa miaka sita kama wa miaka sita wengine, anayehitaji mwalimu asiyemharakisha. Si zaidi, na kwa hakika si mtu wa kuwekwa karibu na stoo.

Lakini mwalimu mkuu alitaka namba. Leo asubuhi alipiga simu, Bi Thuwaiba akaweka spika, akaendelea kufunga karatasi zake.

"Nitajie namba tu, Bi Thuwaiba, nijaze."

"Nakuletea maneno, Mwalimu. Ukurasa mmoja."

"Maneno hayaingii kwenye jedwali langu."

"Basi jedwali lako ni dogo."

"Chini ya namba gani tuseme?"

"Nikikupa namba utaisoma namba. Nataka umsome mtoto. Aandikwe la kwanza, akae mbele, aulizwe taratibu, angojwe."

Mwalimu mkuu akasema, "Ntaona kesho kwenye mstari," akakata.

Ukurasa niliupeleka mwenyewe, kwa miguu, nikautia mkononi mwake. Alikuwa mtu mnene wa sura njema, kazungukwa na wazazi. Aliuweka chini ya glasi ya maji. Nilitaka kumwambia atoe glasi ile. Sikuweza. Nilisema tu, "Msome, Mwalimu," akaniangalia kama aliyeona kiti kinasema, na mie nikatoka.

Adhuhuri nikamkabidhi Bi Thuwaiba ufunguo wa kabati. Akaniambia ukuta wangu ulikuwa na ufa, na ufa ule umemfaa. Wiki ijayo naanza kozi ya kompyuta, na mwisho wa mwezi yatatoka matokeo yangu ya kidato cha nne, nami nitakuwa namba kama watu wengine. Nshaingoja mwezi mzima bila kuitia maanani. Leo hii simngojei mwengine ila Mize. Nikikaa naiona glasi ile juu ya karatasi. Mama kaficha ufagio.

Alhamisi. Nimerudi sasa hivi, naongeza haya nikiwa nimesimama.

Niliamka kama ninayekwenda kazini, nikavaa, mama akaniuliza mstaafu anakwenda wapi. Nikaenda kwenye skuli ya watu na kusimama upande wa pili wa barabara. Bi Kazija alikuwepo getini, na beseni lake la samaki limefunikwa kawa, Mize kashika ncha ya kanga yake. Uwanjani mistari imepangwa. Wa la kwanza mrefu, na pembeni, karibu na mlango wa stoo, watoto wanne wamesimama na mwalimu mmoja anayepiga miayo.

Mwalimu mkuu akaanza kuita majina. Karatasi zilikuwa mkononi na sikuweza kuona kama yetu imo. Aliita, aliita. Nilihama mguu huu nikaweka huu. Kisha akaita jina la Mize, na badala ya kuendelea na jengine, akashusha karatasi, akangoja. Mstari wote ukageuka. Alingoja mpaka watoto wakaanza kucheka, akawanyamazisha kwa mkono, akangoja tena.

"Naam," akasema Mize. Hata mie upande wa pili nilisikia.

"Mstari wa la kwanza. Mbele."

Bi Kazija akakaa chini pale pale penye vumbi, karibu na beseni lake. Na Mize, badala ya kwenda mstarini, akatoka getini akavuka barabara bila kutazama, akaja moja kwa moja kwangu. Akaniwekea mkononi peremende mbili, karatasi zimelegea kwa joto na jasho.

"Dada, hizi zenu. Vyengine vyote mlivichukua, hizi mkazisahau."

Nilimtazama. Vipande vilirudi, shanga zilirudi, vikopo vilirudi, picha zilirudi. Mie ndiye niliyevirudisha, kila kimoja, na sikumwambia kuwa hii moja ni yake.

"Ni zako," nikasema. "Zilikuwa zako tangu mwanzo."

Akafikiri. Akachukua moja, nyengine akaniachia. "Basi fungua na weye," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama ya mtu ambaye siku zote husema.

Sijapata kula njiani tangu nikue. Watu walikuwa wanapita, na kengele inalia. Niliifungua karatasi, nikaila pale pale, na Mize akangoja mpaka aone nimeitia mdomoni ndipo akarudi mbio kwenye mstari wake, shavu moja limevimba.

Samira, watoto waambiwe peremende ni yao.